Vidukari kwenye Chinsaga Yangu

Jumatatu, 4 Februari 1957
Nimemwagilia chinsaga, mboga yangu ya mgagani, kabla ya jua kuwaka. Nyamweya alipita na jembe begani, akatabasamu, nikajimwagia maji miguuni. Mume wangu! Tumeoana juzi tu, na bado nashtuka nikimwona.

Lakini chini ya majani kuna vidukari. Weusi, wamejazana kama punje za wimbi. Sisimizi wanawapapasa na kunywa utamu wao. Kuna pia vidudu wekundu wenye madoa, na wengine weusi, warefu, wenye miiba. Wabaya kutazama. Maadui wote.

Sabato ya wiki ijayo mama mkwe ataonja mboga ya shamba langu. Ikimridhisha, ataniwekea mafiga nyumbani kwetu. Hadi hapo napika jikoni kwake, na Nyamweya anakula na baba yake. Nataka moto wangu! Nataka kumpakulia mwenyewe, sisi wawili tu.

Jumatano, 6 Februari
Pareto huua viroboto. Kwa nini isiue vidukari? Nyamweya aliniletea maua makavu. Nimeyaponda, nikayaloweka, nikanyunyiza kwa kifagio. Wameanguka wote! Weusi, wekundu, wa miiba. Nimerukaruka peke yangu. Nampenda mwanamume huyu, nampenda, nampenda.

Alhamisi, 14 Februari
Vidukari wamerudi. Wengi kuliko mwanzo. Majani yamejikunja. Sisimizi nao wapo. Wale wekundu, hakuna hata mmoja.

Nimekwenda kwenye maboga ya mama mkwe, ambayo sikuyanyunyizia kitu. Nikachuchumaa. Yule mweusi wa miiba alikuwa anatafuna kidukari. Akamaliza, akashika mwingine. Kando yake ganda lenye miiba ileile limepasuka, mdudu wa umbo la wale wekundu anatoka, bado laini, rangi ya manjano. Kumbe ni mtoto na mkubwa wake. Niliwaua waliokuwa wananilindia mboga.

Naichukia mikono yangu. Siwezi kukaa.

Ijumaa, 15 Februari
Kulipopambazuka Nyamweya alikuja kwenye mboga, tukawaponda vidukari kwa vidole. Shamba la mboga ni la wanawake, anajua. Ndugu yake Ombati alisimama njiani akapaza sauti: "Nyamweya! Tukununulie leso?"

"Ninunulie mbili! Nikivaa moja, nyingine unifulie!" Nyamweya akajibu.

Nimecheka hadi machozi. Kisha nikalia kweli. Majani mazima hayajai hata bakuli. Nimeyapika na maziwa kabla jua halijazama, yalale hadi kesho, uchungu upungue.

Jumamosi, 16 Februari
Tumetoka kanisani. Mama mkwe alikula polepole, akalamba kidole.

"Mokamwana, mke wa mwanangu, kupika unajua. Lakini mgeni akija kwenye moto wako, utamlisha nini? Ngoja mvua."

Basi. Nimeosha vyombo vyake. Ng'ambo ya ukuta nilisikia sauti ya Nyamweya, anakula na baba yake. Wivu, hata kwa baba yake! Naona aibu kuandika. Lakini ndivyo.

Jumapili, 10 Machi
Mvua ilianza wiki iliyopita. Chinsaga imechipua, bado fupi. Mafiga bado. Vidukari wapo, si wengi. Sikuwagusa.

Asubuhi nimeona mdudu mwekundu, mmoja, anapanda shina. Nimekaa kwenye mpini wa jembe, namtazama. Nyamweya ameniita mara mbili. Nimeitikia, naja.

Nimekaa kidogo tena.