Majimbo Hamsini na Mawili ya Bwana Todd

Mpendwa Bi Mastura,

Pokea salamu zangu na unisaidie haraka, maana shida yangu ni moja tu lakini ina maswali mia, na ndege ya bosi wangu inaondoka baada ya siku kumi na sita.

Mimi ni Mtanzania, kwetu Musoma, nafanya kazi za ndani huku Uarabuni, hapa Madinat Sultan Qaboos, huu mwaka wa tatu, na nakuomba sana usitaje jina langu kwenye kijarida. Bosi wangu ni dada Mkenya anaitwa Nyambura, mwenyewe alinikataza kumwita madam, ameolewa na Mmarekani, Bwana Todd, mtu wa Ohio, yuko kwenye kampuni moja ya Kimarekani ya mabomba ya mafuta, na sitaki umfikirie vibaya maana ni mtu mwema sana, anaosha kikombe chake mwenyewe, na mama yangu alipolazwa alinipa simu yake nipige nyumbani mpaka nikaishiwa maneno.

Sasa dada amepata nafasi ya kuwa raia wa Marekani kwa sababu ya mumewe, na lazima aende huko huko akakae mbele ya ofisa aulizwe mambo ya serikali yao. Kuna kijitabu cha maswali mia na majibu yake, ofisa anachagua kumi, ukipata sita umepita. Dada anautaka huo uraia kwa moyo wote, maana kila wakishuka uwanja wa ndege kule Bwana Todd anapita foleni yake dakika mbili na yeye anabaki foleni nyingine anaulizwa anakwenda wapi na atarudi lini, mwaka juzi walimweka chumbani saa tatu nzima mumewe anamwona kwenye kioo, na siku ananisimulia machozi yalimtoka akasema, "Nilikaa tu pale kama mzigo imekosa mwenyewe."

Basi Bwana Todd alipomkuta mkewe anasoma kijitabu alicheka, akasema kitabu cha nini na mimi nipo, akakata kadi mia, swali mbele, jibu nyuma, na majibu yote akayaandika kutoka kichwani jioni moja huku anaangalia mpira. Dada akafurahi, kijitabu akakitupa kwenye droo ya jikoni pamoja na betri zilizokwisha na makaratasi ya pizza. Mimi nikapewa kazi ya kumuuliza. Kila asubuhi saa tatu nikiwa napiga pasi namsomea swali, naye anajibu, mimi nageuza kadi naangalia, na Kiingereza cha kusoma nakiweza kwa sababu nilifika kidato cha pili kabla ada haijatushinda.

Bi Mastura, kijitabu nilikitoa kwenye droo kwa nia ya kujiongezea Kiingereza tu, sikuwa na nia nyingine, nikakuta kitabu na kadi havielewani hata kidogo. Kadi inasema Marekani ina majimbo hamsini na mawili, kitabu kinasema hamsini. Kadi inasema majaji wa Mahakama yao ya Juu ni kumi na wawili, kitabu kinasema tisa. Seneta kwenye kadi anachaguliwa miaka minne, kwenye kitabu sita. Rais na makamu wake wakifariki wote wawili, kadi inasema watu wanapiga kura upya, kitabu kinasema anashika Spika wa Baraza la Wawakilishi. Nilihesabu kadi thelathini na nane zina makosa, na mimi mwenyewe sasa nayajua yote mia, nikimenya vitunguu yanakuja tu bila kuitwa.

Nikajaribu kusema kwa upole, "Dada, mbona kile kitabu kina majibu mengine?" Akanijibu, "Ai, wacha hiyo kitabu, itanichanganya bure. Todd amezaliwa kule. Hiyo kitabu imezaliwa wapi?" Nikachukua kadi nyingine. Tangu siku hiyo dada akisema majaji ni kumi na wawili mimi nasema, "Sawa kabisa, dada." Wiki tatu nasema sawa kabisa, na hiyo ndiyo dhambi inayoninyima raha.

Alhamisi iliyopita walichoma nyama uani, wakaja Wamarekani watano kutoka kazini kwa Bwana Todd, akataka dada awaonyeshe alivyoiva. Majimbo mangapi? Dada akasema hamsini na mawili, wakapiga makofi, isipokuwa mzee mmoja aliyesema nadhani ni hamsini, wenzake wakamzomea, Bwana Todd akamweleza kwamba watu wengi wanasahau kuongeza Hawaii na Alaska, na yule mzee akasema kweli kabisa, nilizisahau hizo. Walipofika kwenye majaji mmoja alisema saba, mwingine kumi na watano, mama mmoja akasema inategemea na kesi yenyewe. Mimi nimesimama na ndoo ya barafu, tisa iko mdomoni, nikaambiwa nikalete barafu nyingine.

Kesho yake nikafanya ujinga, nikachukua kadi ya majimbo nikafuta, nikaandika hamsini kwa kuigiza mwandiko wake. Bwana Todd akaiona, akadhani ni yeye kalamu iliteleza, akaandika upya hamsini na mawili kwa wino mwekundu na kupiga mistari miwili chini yake.

Ninaogopa, Bi Mastura. Kabla ya hapa nilikuwa kwa familia nyingine Mabela, siku moja nikamsahihisha mama mwenye nyumba mbele ya mawifi zake kuhusu umri wa mtoto wake mwenyewe, nilikuwa na haki, na kesho yake nilikuwa kwa wakala wa kazi na begi langu. Nikisema hapa namwaibisha Bwana Todd kwa mambo ya nchi yake, mimi dada wa kazi wa Musoma. Nikinyamaza dada yangu anapanda ndege na makosa thelathini na nane kichwani, anarudi tena kwenye ile foleni. Nifanye nini?

Ni mimi,
Mwenye Pasi na Kadi, Madinat Sultan Qaboos


BI MASTURA ANAJIBU

Mwanangu Mwenye Pasi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mume wangu Marhoon akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Mara ya pili nilikasirika, na hasira yenyewe ni juu yako wewe, si juu ya Bwana Todd.

Wiki tatu unasema sawa kabisa! Woga wako nauelewa. Mlango wa wakala haupendezi kwa mtu aliyetoka kwake na begi, na yule mama wa Mabela hakukutendea haki. Lakini usiubatize woga jina la heshima. Dada huyu hakukuita umsifu, alikuita umuulize na umwambie kama amepata au amekosa. Kazi hiyo hujaifanya hata asubuhi moja.

Sasa kuhusu Bwana Todd, usimcheke sana, na wale wageni wake nao waache. Baada ya kusoma barua yako nilifanya mtihani wangu hapa hapa nyumbani. Nikamuuliza Marhoon kuhusu jambia lake: ule mkanda wa khanjari yako una pete ngapi za fedha? Akanijibu bila kunyanyua uso, "Tano." Nikamuuliza, "Una hakika?" Akaniambia, "Mastura, nna miaka thalathini na tano naivaa khanjari kila Idi na kila harusi, leo ndiyo unanisomesha?" Nikaendelea na kazi zangu. Haukupita muda nikamwona anakwenda zake kabatini. Zilikuwa nne. Akarudi, akakaa, akauliza kama chai iko tayari.

Na wewe, mwanangu, bila kumuuliza mtu: Tanzania ina mikoa mingapi? Umeona. Hakuna aliyekusimamisha popote akakuuliza, ndiyo maana hujawahi kuhesabu. Bwana Todd na wenziwe wako vivyo hivyo. Nchi walipewa siku waliyozaliwa, na hakuna ofisa aliyewakalisha kitini. Mkewe atakalishwa. Hiyo ndiyo tofauti yao, wala haihusu akili.

Lakini shika jambo moja katika habari ya Marhoon. Mimi sikumwambia ni nne. Aliziona mwenyewe. Kwa hiyo wewe usiende kusema "Bwana amekosea." Fanya hivi. Kesho asubuhi, saa yenu ile ile ya pasi, kitoe kijitabu kwenye droo ukifungue pale juu ya meza ya pasi, na kando yake uweke ile kadi yenye wino mwekundu. Kabla dada hajasoma kitu, mwambie kwa Kiswahili, "Dada, nimekudanganya wiki tatu." Anza na kosa lako, na la kughushi mwandiko usilifiche. Atakukasirikia wewe, mvumilie. Akikuuliza tena hicho kitabu kimezaliwa wapi, kigeuze umwonyeshe jalada. Kimezaliwa katika serikali ile ile itakayomuuliza maswali. Ofisa hatamuuliza Todd anaonaje.

Kumwambia mume ni kazi yake yeye, usiiingilie. Ila unaweza kumshauri ampe mumewe kijitabu kile na yeye dada awe ndiye muulizaji, watu wawili tu, bila wageni wala nyama. Wakifika swali la tatu bwana atakuwa anacheka. Mwanamume anayeosha kikombe chake mwenyewe anaweza kubeba na makosa thelathini na nane. Kisha zile kadi mbovu zitupwe zote, na mpya uziandike wewe, kwa mwandiko wako, maana sasa hapana haja ya kuigiza wa mtu. Siku zilizosalia zinatosha, tena zinabaki.

Kuna jambo hukuniuliza nami nitakujibu. Ndoo ya barafu uliieleza kwa uchungu kuliko mambo mengine yote. Unamhofia dada, nakuamini, lakini kinachokuuma pia ni kwamba umepata mia kwa mia katika mtihani ambao hakuna atakayekuita uufanye. Shule ilikukatikia kidato cha pili na tangu hapo hakuna aliyekusahihishia daftari. Basi nimekusahihishia mimi. Majibu yote uliyoyaandika katika barua hii nimeyatafutia mtu anayejua, na yote ni sahihi. Umefaulu, mwanangu, na nimefurahi kama niliyekuzaa. Dada akirudi na uraia wake, mwombe ile saa ya pasi iwe yako. Akuulize yeye sasa, ukajiandikishe mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usiombe kwa kunong'ona.

La mwisho. Umenitaka nisitaje jina lako, sikulitaja, na majina ya wenzio nimeyabadilisha. Lakini nibadilishe nini tena? Mkenya aliyeolewa na mtu wa Ohio, mabomba ya mafuta, Madinat Sultan Qaboos, kadi ya wino mwekundu. Hata ningewaita Kidawa na Elikana, mwenyewe atajijua. Na yule mwenye duka la Ruwi anayetuuzia kijarida hiki ameniambia ana mteja mmoja dada wa Kenya ambaye huja kukichukua kila Jumatano, na huanza kwa ukurasa wangu.

Nakala ya jibu hili nimekupelekea leo Jumamosi kwa mkono wa Suud wa dukani, pamoja na mkate wa ufuta. Kijarida kinatoka Jumatano. Una asubuhi tatu za pasi, na nakushauri uitumie ya kwanza.

Na wewe dada wa Kenya, ikiwa umefika mstari huu na bado hujaambiwa kitu: ni hamsini. Hawaii na Alaska zimo humo humo. Sasa weka kijarida chini, mwite huyo msichana, na mwambie aache pasi kwanza akae.