Nani Anawapa Mabela Siri Zetu?

Mpendwa Bi Bakhita, nnakuomba unisaidie kabla sijafanya la kujuta, maana nnamshuku Loay, mwana wa dada'angu Jumana, niliyemlea mwenyewe, kwamba anatuuza kwa wapinzani wetu wa Mabela. Nnafundisha timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi, hapa Sib, na mtindo wangu ni ule wa chuoni kwetu Marekani miaka ya tisini, haturushi, tunakimbia tu, Loay anashika mpira anamtazama adui mmoja, akimvamia anampa mwenzake, asipomvamia anakimbia nao mwenyewe, na kwa mtindo huo tuliwatia watu adabu, leo hata chuo chenyewe kimeuacha, na mimi nnasema ni njama za watu wa televisheni. Sasa mwaka huu Mabela wanajua tunakokwenda kabla hatujaondoka, na amri zote nnatoa kwa Kiswahili khasa Waarabu hao wasifahamu, basi nani kawambia kama si Loay, aliyeanza kunambia, "Mjomba, tujifunze kurusha," na juzi nimemwona anacheka nao? Nataka kumfukuza, na Jumana kaapa nikimfukuza mwanawe nisikanyage kwake. Nifanye nini?

Yaqdhan, Sib

Yaqdhan, pole, lakini umeniudhi. Kiswahili, uwafiche watu wa Mabela? Huko kina mama wangapi wanagombeza watoto wao kwa Kiswahili cha Unguja walikozaliwa, na wewe unapiga kelele uwanja mzima usikie. Siri umezitoa mwenyewe.

Na njama hakuna. Nimekaa Marekani miaka sita mume wangu akisoma, na mpira huo tukiutazama kila Jumamosi. Walinzi walizidi mbio, kila mmoja akapewa mtu wake wa kumkamata, na timu ikishatanguliwa haikuweza kufidia pointi kwa kukimbia tu. Vijana wenye mkono mzuri nao wakavikwepa vyuo vya kukimbia tu, kwani timu za kulipwa zinataka mrushaji. Wenye akili walibakisha lile la kumtazama adui mmoja, wakaongeza kurusha. Mpwa wako alikwambia hilohilo, ukamwita msaliti.

Tena anayeshika mpira katika mtindo wako huangushwa akiwa nao, na huangushwa akiwa ameshautoa. Huyo ni Loay, kila mchezo, kwa ajili yako.

Usimfukuze. Leo baada ya Alasiri nenda kwa Jumana, umwombe Loay radhi mbele ya mamake, bila kuzungusha maneno. Kisha muulize mwili unamuuma wapi, na habari za mpira usizitaje mpaka akujibu.