Skonzi ya Hyasinta

Oldeani,
Jumatano baada ya Pasaka, 1984

Dada Hyasinta,

Huku tumesherehekea, ila kwa shida. Skonzi nilioka kama mama alivyotufundisha, na iliki na mdalasini, makaa juu ya mfuniko wa sufuria. Sista wa misheni alinipa chokoleti moja, nikaigawa vipande vya kujaza ndani.

Mama alilamba chokoleti tu, mkate haukushuka. Akasema, “Hii iliyobaki mwekee Hyasinta.” Sasa imekuwa ngumu kama jiwe, nami siwezi kuitupa.

Mvua haijakatika. Gari la kumpeleka hospitali halipiti kwa tope, na barua hii jirani yetu Patrisi anaishusha Karatu kwa miguu.

Mpaka jana mama alikuwa akiuliza kama umefika. Leo hajauliza.

Mdogo wako,
Scholastika