Kadi ya Nyota Iliyotoka na Jina la Aziza

Mama Angélique mpendwa, nisaidie maana mke wangu Nyota ana mimba ya miezi minane na amerudi kwa wazazi wake Ubundu kwa ajili ya kadi. Mimi naendesha ordinateur, yaani kompyuta, ya kampuni moja ya kahawa hapa Makiso, ndani yake mna jedwali la wafanyakazi, jina, kazi, mtaa, kisha mke, na ninapotoa kadi za uzazi za wake zetu ningeweza kuiambia mashine kwa SQL, lugha yake ya kuulizia majedwali, ilete safu iitwayo "mke", ila niliona uvivu, nikaagiza ilete safu zote halafu ichukue ya nne, na siku zote ikawa sawa, mpaka mkubwa wangu akapachika katikati safu mpya ya mtu wa kuarifiwa mfanyakazi akipata ajali, basi hiyo ikawa ya nne na mke akasukumwa nyuma, nami sikuangalia. Kadi za uzazi zikatoka na majina ya mama wazee na wajomba, watu wakacheka, lakini yangu ilitoka na Aziza, ambaye ni dada yangu mkubwa aliyenilea, ila Nyota hajui jina hilo kwa sababu nyumbani sote tunamwita Mama Kasongo, kwa heshima ya mtoto wake wa kwanza. Nikamwambia Nyota mashine imekosea, akanijibu, "Weye mwenyewe ulisemaka machine haikosaka. Alors, huyu Aziza iko nani?" Na kweli nilijisifu hivyo kila jioni, basi hata nilipomwambia Aziza ndiye Mama Kasongo hakuniamini. Kumwambia dada jina lake limevunja nyumba naona haya, na nikikiri kazini kwamba kosa ni langu naogopa kufukuzwa, lakini nikinyamaza mtoto atazaliwa mimi sipo. Nifanye nini, mama?

Asumani, Makiso

Asumani mwanangu, pole sana, sasa nivumilie nikugombeze. Nyota amesema kweli. Uliagiza ya nne, ukaletewa ya nne. Ukigonga mlango wa nne bila kuuliza kwa nani, na watu wamejenga nyumba mpya katikati, utaulaumu mlango?

Umenieleza safu zote, lakini hukuniambia Nyota analala vipi, wala kama bado anapata hamu ya mboga ya pondu. Nilisoma nikamhurumia.

Kesho asubuhi nenda kwa mkubwa wako useme, "Ni miye nilikosa." Akikasirika, akasirike. Andika upya, uite kila safu kwa jina lake, utoe kadi za wanawake wote. Kisha mchukue dada yako mpande treni ya Ubundu. Ukifika usianze na SQL, tafadhali! Mwache dada aseme mwenyewe: "Ni miye Aziza. Huyu bwana yako, nilimubebaka ku mugongo." Halafu wewe mwambie Nyota, mbele ya wazazi wake, kwamba mashine haikukosea, uliyekosea ni wewe.

Baada ya hapo nyamaza, kaa chini, umkande miguu.