Jina Nililotaja Mezani kwa Mzee Gaioz

Nyumba Na. 14, Mtaa wa Daraja la Zamani,
Kutaisi.
Jumatatu, 16 Oktoba 2023

Mpendwa Shangazi Tsiala,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi. U hali gani? Mgongo unaendeleaje? Na yule mama mzee unayemtunza huko Bari, bado anagoma kula mpaka umwimbie? Huku Baba ni mzima, Mama ni mzima isipokuwa magoti, nami ni mzima. Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu nikaiacha kama ilivyo, kwa sababu kila aliyetajwa humo kweli ni mzima.

Shangazi, keti kwanza. Asiyetajwa ni Bibi. Bibi Pelagia alifariki tarehe tisa Machi, alfajiri, akiwa usingizini. Hakuumwa siku nyingi. Siku ya tano tulimzika kando ya Babu, chini ya ule mkomamanga.

Najua sasa unahesabu miezi. Ndiyo, barua ya Mei na ile ya Agosti zilikujia baada ya hapo. Zote mbili niliziandika mimi. Kwa kuwa hakuweza kusikia kwenye simu, na tangu zamani yeye alikuwa akisema nami nikiandika, hukuwa na sababu ya kuushuku mwandiko. Ile habari ya kuku aliyetaga ndani ya kiatu niliitunga. Viatu vya sufi ulivyomtumia viko juu ya kabati, ndani ya boksi lake. Hakuna aliyethubutu kuvigusa.

Baba ndiye aliyeamua. "Akitoka Italia kabla ya kupata kibali cha ukaazi, hawatamruhusu kurudi," alisema. "Kibali kikitoka tutamwambia. Wewe una mwandiko wako, mwandikie." Nilitii. Unanijua. Kazini naandikisha vifo kila siku, na cha Bibi nilikiandikisha kwa mkono huu huu. Miezi miwili baadaye mkono huo huo ukakuandikia kwamba anakula vizuri.

Hata sasa nisingekuwa na ujasiri wa kukuambia. Ninakuambia kwa sababu ya jambo lililotokea juzi Jumamosi, na nitakueleza yote kwa mpangilio, maana nikiruka nitaogopa kurudi nyuma.

Ofisi yetu ilipata likizo ya siku tatu, na mkuu wetu, Bwana Karaman, akaamua twende wote mkoa wa Kakheti, kwa kuwa ni wakati wa mavuno ya zabibu. Sikutaka kwenda. Lakini kumkatalia Bwana Karaman kunahitaji sauti ambayo sina. Nilikaa kwenye basi dogo karibu na Lamara, mwenzangu wa meza ya pili. Huyo Lamara ndiye mdogo wake Eteri, rafiki yako wa kanisani huko Bari. Kumbuka hilo, ndipo mambo yote yalipoharibikia.

Asubuhi tulikula mayai, jibini na mkate wa moto, na saa nne tukafika kiwanda cha kwanza cha divai. Kikubwa, matangi ya chuma yanang'aa kama ya hospitali. Binti mmoja alitumiminia divai sita tofauti, akatuonyesha ndoo ya kutemea. Nilitema, kwa kuwa nilitaka akili yangu ibaki nami. Bwana Karaman akaniona.

"Ee Severian! Unatema kama paka aliyelishwa ndimu! Mzabibu umekukosea nini?"

Wote wakacheka. Nikatoa daftari nikaanza kuandika majina ya divai, angalau mikono iwe na kazi. Lamara akachungulia. "Acha hizo, ndugu yangu. Divai haihitaji cheti cha kuzaliwa."

Kiwanda cha pili kilikuwa cha ndugu wawili wanaogombana. Mmoja alitupatia divai nyeupe, mwingine akaja kutunong'oneza kwamba ile ya kaka yake ina sukari. Tulikula biringani zilizojazwa kokwa za jozi tukiwa tumesimama, kila ndugu akitusukumia sahani yake. Sikutema tena. Niliogopa kuchekwa kuliko nilivyoogopa kulewa, na kosa langu lilianzia hapo.

Saa tisa tukafika kwa Mzee Gaioz. Yeye hana kiwanda, ana nyumba, mizabibu, na chumba ambacho sakafuni huoni chochote ila vifuniko. Mitungi yenyewe ya divai imezikwa ardhini, kama ule wetu. Nilipoona udongo uliopakwa kuzunguka vile vifuniko, umelowa na umelainishwa kwa kiganja, nilichuchumaa kuutazama. Nilikumbuka mtungi wako.

Nadhani Bibi hakukuambia kamwe. Vuli ile uliyoondoka, alijaza mtungi mdogo uliozikwa nyuma ya jiko lake kijijini kwa zabibu za mizabibu yake mwenyewe, akaufunga, akasema utafunguliwa kwa mkono wa Tsiala au usifunguliwe. Miaka sita alikuwa akiinama kulowesha ule udongo ili usipasuke. Siku ya mazishi divai ilipotuishia, Baba alikwenda na koleo kuufungua. Nilikwenda nikasimama juu ya kifuniko. Nilitetemeka, lakini sikuondoka. Baba alishusha koleo, akatuma watu wakaazime kwa jirani. Tangu siku hiyo mimi ndiye ninayelowesha, kila Jumapili.

Basi nikamwuliza Mzee Gaioz, divai ya miaka sita kwenye mtungi mdogo itakuwaje?

"Udongo umewahi kukauka?" akauliza.

Nilimwambia ukweli. Mwezi wa Agosti, baada ya kutuma ile barua ya pili, niliona aibu kwenda kijijini. Nilikosa Jumapili moja, na nilipokwenda nikakuta ufa mwembamba kama unywele.

"Ufa mwembamba unatosha. Au hautoshi. Hakuna ajuaye mpaka kifuniko kiondoke," alisema. "Lakini kwa nini unalowesha wewe, kijana? Mwenye mtungi yuko wapi?"

Nikainama nikaugusa ule udongo. Akanitazama, hakuuliza tena.

Tuliketi mezani chini ya mizabibu: nyama iliyochomwa kwa moto wa matawi yake, mikate ya jibini, majani mabichi, samaki wa mto. Mzee Gaioz ndiye alikuwa mkuu wa meza, mwenye kutoa neno kabla ya kila glasi. Alitoa neno la amani, tukanywa. La wageni, tukanywa. La watoto, tukanywa. Lamara alikuwa amempigia Eteri simu ya picha, ameiegemeza kwenye jagi ili dada yake naye "ale kwa macho". Eteri alikuwa akicheka, akiomba aonyeshwe nyama kwa karibu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa jagi. Sikuiona ile simu, nisamehe, nilikuwa nimeshakunywa sana.

Kisha Mzee Gaioz akasimama, na kabla hajasema tukajua. Ilikuwa zamu ya waliotangulia. Kila mtu akachukua kipande cha mkate, hakuna aliyegonganisha glasi. Mmoja mmoja tukadondosha matone ya divai juu ya mkate na kutaja jina. Bwana Karaman alimtaja kaka yake, akalia waziwazi. Zamu ikanifikia. Ningeweza kumtaja Babu. Nilikuwa nimejiandaa kumtaja Babu. Mzee Gaioz alikuwa akinitazama, na nilikuwa nawaza ule ufa.

Nikasema, "Bibi yangu, Pelagia."

Ndani ya simu kicheko kikakatika. "Pelagia yupi?" Eteri akauliza. "Lamara! Pelagia yupi huyo? Mama yake Tsiala?"

Meza nzima ikageuka kunitazama. Lamara akaiangusha simu kwenye sahani ya samaki. Mimi nilikuwa nimeshika mkate uliolowa, sijui niuweke wapi.

Niliondoka mezani, nikakupigia. Huenda unakumbuka. Ulipokea ukicheka, ukasema, "Sevo wangu, kulikoni, umelewa?" Nikakuuliza kama huko kunanyesha. Ukasema hapana. Nikasema huku pia hapana, nikakata.

Lamara alizungumza na dada yake jana. Eteri amekubali kunyamaza mpaka Jumapili hii, si zaidi. Alisema, "Siwezi tena kusimama naye kanisani nikimwona anamwashia mama yake mshumaa upande wa walio hai." Sikulijua hilo la mishumaa, Shangazi. Miezi saba. Sina la kujitetea.

Basi la vifurushi linaondoka kesho asubuhi, dereva ameahidi kufika Bari Jumamosi. Baba hajui kwamba naandika. Atakaponiuliza nitatetemeka kama siku ile ya koleo, lakini barua itakuwa imeshaondoka.

Siwezi kukuambia urudi, maana najua kitakachokipata kibali chako. Siwezi kukuambia ubaki. Kila nikianza sentensi hiyo naifuta. Ninachoweza ni kuendelea kulowesha udongo, na sitakosa tena Jumapili. Sijui kama ndani ni divai au ni siki. Vyovyote ilivyo ni yako, na sitamruhusu mtu aiguse.

Mama anakusalimu bila kujua ni katika barua gani. Mjomba Valiko na jirani yetu Ksenia huuliza habari zako kila mara. Mwambie Eteri namshukuru kwa siku zile chache. Mungu akushike pale ambapo sisi hatukukushika.

Jumapili, ukifika kanisani, tafadhali uhamishe ule mshumaa. Washa na wa pili kwa niaba yangu.

Mimi niliyekudanganya, ningali wako nikupendaye,

Severian