Chowder ya Mzee Walter

Wangari uko? Bado niko jikoni kwa Mzee Walter, yule Mmarekani ninayemtunza huku mtaani Seven Hills. Sijui nianzie wapi.

Unajua kila wiki ananiomba clam chowder, ile supu nyeupe ya maziwa ya kwao Boston. Na unajua mimi ni Msabato, clams, wale wa baharini wenye maganda, dini yangu inakataza, sigusi. Kwa hivyo huwa naweka samaki, naye anamaliza bakuli akisema ni kama ya marehemu mkewe.

Sasa Kipchumba wa kazini akanicheka. Eti hata watu wa New York wanaoiharibu na nyanya, angalau clams wanaweka. Eti namdanganya mzee. Nikaona aibu. Leo nikanunua clams, nikavaa glavu, nikapika.

Nimeshika bakuli hivi, binti yake akaingia kutoka airport. Akaniambia, "Asante kwa kumpikia kama Mum. Dad ameniambia unaweka samaki, na Mum pia alikuwa anaweka. Dad akila clams koo linafunga, hawezi kupumua. Jina tu la clam chowder ndilo walilopenda."

Koo linafunga, Wangari. Na mzee alikuwa ameshashika kijiko.

Hakuna mtu aliwahi kuniambia. Hakuna.

Nikasema ngoja nikaipashe moto. Nimeimwaga yote kwenye sinki, maji bado yanatiririka.

Huyo binti amenikumbatia. Anasema huko Amerika analala usingizi kwa sababu yangu.

Saa hii mzee anauliza chowder yake iko wapi.