Harufu ya Nazi Chini ya Kitanda

Jumatano, baada ya Maghrib

Sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba chini ya kitanda changu nafuga kuvu.

Ni visahani viwili vya mkate ndani ya mkebe mmoja. Kimoja kina kuvu ya kijani niliyoikwangua kwenye ubao mbovu wa mlango wa uani, cha pili kina nyeupe. Havigusani. Hata hivyo nyeupe imeacha kukua, kwa hewa tu inayotoka kwa mwenzake. Nikifungua mkebe nafumba macho. Yanukia nazi, tamu, na najiona nikielea. Kumbe mtu aweza kusikika bila kusema kitu, kama kuvu hii...

Lakini leo Nyanya naye ameinusa harufu hiyo.

"Zuhura! Kashata za nazi umezificha wapi?"

"Wallahi Nyanya, sina!" dada yangu akalia.

"Usiape bure. Pua yangu haijazeeka."

Nyanya amemkataza kwenda harusini kesho, na Zuhura nguo yake ameshaipiga pasi. Mimi nilinyamaza. Nina haya, lakini hii haikuwa haya, ilikuwa uoga.

Nasikia kandambili za Nyanya ngazini. Daftari hili ninaloandika silifichi. Mkebe nimeuvuta hadi katikati ya chumba, na maneno ya kwanza nimeshayapata: "Nyanya, ni mimi."